Mti wa Kijani Utoao Moto: Nasaha kutoka Vichaka vya Mlima Elgon

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwongozo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:



Wengi wetu tumeihifadhi Suratu Yasin. Tunaisoma usiku wa Ijumaa, tunawasomea wagonjwa wetu, na wapo miongoni mwetu wanaoimaliza kabla chai haijapoa. Basi niulize: ukifika aya ya 80, ile inayotaja mti wa kijani, unawaza mti gani?

Tuanze na kisa chenyewe. Mtu mmoja miongoni mwa washirikina wa Makka alimjia Mtume (S.A.W.) na mfupa uliooza, akausaga mkononi, akauliza nani atakayeuhuisha mfupa kama huu. Baadhi ya wafasiri wanamtaja Ubayy bin Khalaf, wengine wanamtaja Al-As bin Wail. Jibu likateremka kwamba ataihuisha Yule aliyeiumba mara ya kwanza. Kisha, badala ya kuendelea kuzungumzia mifupa, Qur'an inatuelekeza kwenye mti: ni Yeye aliyetufanyia moto kutoka katika mti wa kijani, nasi tukawasha kutoka humo.

Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu walikuwa na miti miwili, markh na afar. Bedui alikata kijiti kibichi cha huu na kijiti kibichi cha ule, akavisugua, na moto ukatoka ilhali utomvu bado unachuruzika. Maji na moto vimekaa katika ukuni mmoja, kila kimoja kinaweza kumwangamiza mwenzake, na vimetulia mpaka ije amri. Mwenye kuweza hilo, mfupa mkavu utamshindaje?

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda Hijazi kuuona mti wa namna hiyo. Nyuma ya mwamba wa Wanale, ule ukuta tunaouona kila asubuhi tukielekea darasani, Mlima Elgon unaendelea kupanda hadi kilele cha Wagagai, mita 4,321. Wenyeji wanauita Masaba. Ukiyapita mashamba ya kahawa na migomba, ukaupita msitu mkubwa, ukaipita mianzi, kwenye mita 3,000 na kuendelea miti inaanza kufupika na unaingia katika nchi nyingine: ukungu, baridi ya kung'ata masikio, nyasi za mafungu mafungu, na vichaka.

Kichaka kinachotawala huko wanasayansi wanakiita Erica; mimi nitakiita erika. Majani yake ni membamba kama sindano, yamejikunja kwa ndani yasipoteze maji. Maua yake ni madogo mno, kama kengele za kuchezea watoto wa sisimizi, lakini yanatoka kwa maelfu, na nyuki wanayapenda. Pakiachwa kwa muda mrefu bila kuguswa, erika haibaki kichaka, inakua mti wenye shina lililopinda kama mgongo wa ajuza, na matawi yake yanavaa nyuzi za kijivu zinazoning'inia mfano wa ndevu za mzee. Jamii hii ya mimea ina aina zaidi ya 800 duniani, nyingi kati ya hizo ziko Afrika Kusini, upande wa Cape. Aina moja iliyoko mlimani kwetu, Erica arborea, inapatikana pia Ethiopia, kwenye milima ya Tibesti nchini Chad, na kandokando ya bahari ya Mediterania. Kwa hiyo usidhani ni kichaka cha porini tu kisicho na ukoo.

Na erika inawaka ikiwa mbichi. Si lazima ikauke. Majani yake yana mafuta, vijiti vyake ni vyembamba, hewa inapita kati yake, na zile ndevu za kijivu zikikaushwa na jua la Januari zinashika cheche kama pamba. Mti wa kijani, na moto ndani yake. Siku nilipolijua hili niliisoma aya ya 80 upya, taratibu.

Mwaka jana kikundi chetu cha wanafunzi kilipanda kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri. Juu ya pango la Mude tulipita mahali palipoungua msimu uliotangulia. Vijiti vyeusi vilikuwa vimesimama kila upande kama mifupa, na viganja vyetu vikawa vyeusi kwa kuvishika. Lakini chini ya kila kichaka, pale shina linapoingia ardhini, palikuwa na machipukizi ya kijani kibichi, laini, mengine yamefika urefu wa kiganja. Mmoja wetu akasema kwa sauti, Subhanallah, akaisoma aya ile ile ya Yasin, na wote tukasimama. Nani asingesimama? Mifupa ile pale, na uhai unatoka chini yake.

Siri yake iko kwenye shina. Pale linapokutana na mizizi, erika ina kivimbe kikubwa cha ubao mgumu, nusu yake kimefukiwa na udongo. Moto unakula kila kilicho juu, kivimbe kinabaki, na ndani yake mna macho ya kuchipua na chakula kilichohifadhiwa. Ubao wa kivimbe hicho unastahimili joto kiasi kwamba huko Ulaya wanachonga viko vya kuvutia tumbaku kutokana nacho. (Wavutaji wa sigara wa nyuma ya bweni wasichukue hii kuwa dalili ya kisheria.)

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo. Ungekuwa waadhi mzuri: mti umeungua, umechipua, basi usikate tamaa na rehema ya Mola wako, na Kiyama ni haki. Maneno hayo ni ya kweli na sipunguzi hata herufi moja. Ila mzee mmoja aliyekuwa akituongoza siku ile hakuturuhusu tuishie hapo. Alitusubiri tumalize kusabihi, akasema: "Wanangu, hiki kimechipua kwa sababu kilipumzika. Njooni muone na kule." Akatupeleka hatua kama mia mbili hivi, mahali pa nyasi tupu. Akasema alipokuwa kijana wa umri wetu hapo palikuwa na vichaka virefu kuliko mtu. Moto ulikuja, vikachipua. Ukaja tena, vikachipua. Ukaja tena. Hakumalizia sentensi yake.

Nimeusoma ufafanuzi wa jambo hili baadaye, na unalingana na aliyotuonyesha. Kila machipukizi yanapotoka, yanakula ile akiba ya chini. Inahitajika miaka ya majani na jua mpaka akiba irudi, na miaka mingine mpaka kichaka kichanue na kudondosha mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi. Moto ukirudi kabla ya hapo, unakuta kichaka kinachodaiwa. Ukirudi tena na tena, hakuna kitakacholipa. Mwaka 2000 mtafiti wa Kijerumani Karsten Wesche na wenzake walichapisha makala kuhusu moto katika ukanda huu wa erika, na Elgon ilikuwa mojawapo ya milima waliyoichunguza. Walieleza kuwa moto ni moja ya mambo makubwa yanayoamua sura ya ukanda huo, na kwamba kwa sehemu kubwa unawashwa na watu: mfugaji anayetaka majani mapya, mwindaji, mrina asali na kienge chake, msafiri aliyelala njiani akaondoka na baridi ya alfajiri bila kugeuka kutazama majivu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nimesikia hoja mbili, tena si kwa wafugaji, bali hapa hapa chuoni baada ya swala ya Isha.

Hoja ya kwanza: "Itachipua tu, Allah ndiye mhuishaji." Ndiyo, Allah ndiye mhuishaji. Lakini Yeye huyo huyo ametuambia katika Suratul Qamar kwamba kila kitu amekiumba kwa kipimo, na katika Suratur Rahman kwamba ameweka mizani na akatukataza tusiipindue. Kivimbe cha erika ni kipimo. Ameweka ndani yake uwezo wa kuinuka baada ya moto, na ameuwekea uwezo huo mpaka. Mwenye kuiona rehema ya Allah katika chipukizi kisha akaifanya rehema hiyo kuwa ruhusa ya kuwasha tena, hatofautiani na yule anayepanga dhambi ya Jumamosi huku akitegemea istighfari ya Jumapili. Nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe, lakini tunafahamiana.

Hoja ya pili: "Ni qadar." Hii ilijibiwa zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kupata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa wanatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Habari hii iko kwa Bukhari na Muslim, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaitaja. Ila wengi wanauacha mfano alioupiga Umar baada ya hapo, nao ni mfano wa mfugaji: alimuuliza, lau ungekuwa na ngamia ukashuka nao katika bonde lenye pande mbili, mmoja una rutuba na mwingine mkavu, si ungewalisha upande wowote kwa qadar ya Allah? Maana yake mfugaji ana macho, ana akili, na atachagua. Qadar haikumvua fimbo mkononi.

Sasa tuje kwenye haki za watu, maana hapa ndipo penye hatari. Ukungu wa mlimani si pambo. Yale majani ya sindano na zile ndevu za kijivu zinauchana ukungu kama kitana, matone yanadondoka, ukoka na udongo mweusi vinayashika, na yanashuka polepole hata siku isiyo na mvua. Palipobaki nyasi fupi, ukungu unapita bila kuacha kitu. Mtafiti Andreas Hemp, aliyefanya kazi miaka mingi Kilimanjaro, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005 kuwa kwa upande wa maji, misitu ya juu ya mlima ule kuteketea kwa moto ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa theluji ambayo dunia nzima inaililia. Wenzetu mnaotoka Tanzania mnakumbuka Oktoba 2020, moto ulipopita katika vichaka vya Kilimanjaro na kuteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90. Taarifa ya wahusika ilisema chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Chakula cha mchana tu! Na mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima kwa matawi na majembe.

Kwetu, mto Manafwa unatoka mlimani, Sironko unatoka mlimani, na upande wa Kenya Nzoia hali kadhalika. Sisemi kwamba kila balaa la maji la Mbale limetokana na moto. Mafuriko ya Julai 2022 yalikuja na mvua kubwa, na tusiseme tusilokuwa na ujuzi nalo. Nasema jambo dogo zaidi: maji yanayotoka mlimani, unayotia udhu nayo, yana njia yaliyopitia, na aliyeiharibu njia hiyo amegusa kitu chako.

Abu Daud amepokea hadithi inayowafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tunaifundishwa katika somo la uchumi wa Kiislamu, tunajadili mabomba na umeme, basi. Lakini itazame ukiwa umesimama Elgon. Vyote vitatu viko hapo katika sehemu moja. Mfugaji ana haki ya malisho. Ana haki ya moto. Na walio chini, mpaka mama anayeuza mboga soko la Mbale, wana haki ya maji. Mshirika anayetumia fungu lake la moto, apate malisho yake, kisha akamharibia mwenzake maji, amekula vyote vitatu peke yake. Na Mtume (S.A.W.) ameweka kanuni ambayo mafaqihi wamejenga juu yake milango mingi: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Mafaqihi hawakuliacha suala hili hewani. Ibn Qudama katika Al-Mughni anamzungumzia mtu aliyewasha moto katika ardhi yake ukaenea kwa jirani. Kama aliwasha kwa namna ya kawaida ya watu, bila kuvuka mpaka wala kuzembea, hadaiwi. Kama aliwasha wakati wa upepo mkali, au aliwasha moto mkubwa ambao kwa desturi lazima uenee, analipa. Tazama usahihi wa fiqhi: swali si kama ulikusudia, swali ni kama upepo ulikuwa unavuma na wewe unaujua. Kuna riwaya inayosema moto hauna fidia, na baadhi ya wanafunzi wanaishikilia. Lakini wapo wataalamu wa hadithi waliosema neno "nar" hapo ni kosa la uandishi, na asili yake ni "bi'r", yaani kisima. Hata ukiikubali riwaya hiyo kama ilivyo, walioipokea waliifasiri kwa moto uliowashwa bila kuzembea. Haimpi mtu kiberiti katikati ya Februari.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza: kule juu ni hifadhi, hakuna jirani, sasa fidia atalipwa nani? Swali zuri. Nilimjibu kwa hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Nabii mmoja miongoni mwa Manabii aliumwa na mdudu chungu, akaamuru kijiji chote cha wadudu hao kichomwe. Allah akamletea wahyi wa lawama: ameumwa na mmoja, naye ameuteketeza umma unaomsabihi Mola wake. Umma! Wadudu! Na katika Suratul Israa tunasoma kwamba hakuna kitu ila kinamsabihi, ila sisi hatuifahamu tasbihi yake. Basi hesabu mwenyewe kichaka kimoja cha erika kilichochanua, na nyuki wake, na ndege anayejificha ndani yake, na kinyonga aliyeshika tawi asiyeweza kukimbia. Ukiuliza jirani ni nani, anza nao.

Na tukifungua Suratul Waqi'a, aya ya 71 mpaka ya 73, Allah anatuuliza kuhusu moto tunaouwasha: je, sisi ndio tuliouumba mti wake? Kisha anaeleza kwa nini ameufanya. Ameufanya kuwa ukumbusho, na manufaa kwa wasafiri. Zingatieni mpangilio. Ukumbusho umetajwa kwanza, manufaa yakafuata. Sisi tumeshika la pili tu, na hata hilo tunalishika vibaya, kwani manufaa ya msafiri ni jiko la kujipasha, si mlima mzima.

Likizo ya Disemba inakaribia na kiangazi kinakuja nayo. Baadhi yenu mnarudi Bududa, Sironko, Kapchorwa, Bukwo, nyumbani hasa, chini ya vichaka hivyo. Kuna wazee wenu na kaka zenu wanaochunga juu. Nawasihi msiende kwao na mimbari. Wanaujua mlima kuliko sisi, na mtoto aliyerudi na vitabu akaanza kuhutubia kabla hajasalimia anastahiki kupuuzwa. Salimieni, kaeni, ulizeni. Mahali hapa paliungua lini mara ya mwisho? Vichaka vimekwisha kuchanua tangu hapo? Upepo wa mwezi huu unatoka wapi? Mkiwasha, nani anasimama pembeni na matawi mabichi? Baba anayejibu maswali hayo kwa sauti mbele ya kijana wake atakuwa ameifikia fatwa ya Ibn Qudama bila kumsikia akitajwa.

Na sisi tutakaopanda na kikundi cha matembezi mwezi wa Januari, amiri wa safari ameshakubali mambo mawili. Tutabeba jiko dogo la gesi, hakuna kukata wala kuwasha kuni juu ya mianzi. Na kama baridi itatulazimisha kuwasha moto kambini, hauachwi usiku. Abu Musa (R.A.) anasimulia kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, na Mtume (S.A.W.) alipoambiwa akasema moto huu ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Utamwagiwa maji, majivu yatakorogwa, yatamwagiwa tena, na atakayekuwa zamu ataweka kiganja chake juu ya majivu kabla ya kwenda kulala. Likimchoma, anarudi mtoni. Majina ya zamu yatabandikwa kwenye ubao wa msikiti wiki ya mwisho ya mitihani. Dada watakaopanda wapeleke majina kwa amira wao kabla ya Ijumaa.

Allah atutakabalie, awahifadhi wasafiri wetu na wazazi wetu walioko milimani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.